Kilindo cha Asali Ndani ya Landrova

Nilikuwa na kiherehere, na sina hakika kama kimenitoka. Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nina kazi, nina baiskeli ya ofisi, na nina gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi moja iliyopigwa chapa pande mbili, lakini ole wako uniambie halikuwa gazeti. Lilitoka kila Ijumaa kwenye mashine ya kurudufu ya ofisi ya maendeleo mjini Tabora, likinuka wino mbichi, na zaidi ya nusu ya maneno yake yalikuwa yangu. Nikipita Gongoni nikaona mtu amelifungua dukani, nilikuwa nashuka kwenye baiskeli, najifanya nakaza mnyororo, kumbe namsikiliza anavyolisoma.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Azimio la Arusha. Viongozi walikuwa wameambiwa mchana kweupe kwamba uongozi si duka, na sisi tuliamini. Mimi niliamini kuliko wote. Kila nilipoketi mbele ya taipu, nikaweka stensili na kunyoosha vidole, nilihisi kwamba nchi nzima inanisubiri nimalize sentensi.

Alasiri, siku tatu kwa juma, niliendesha baiskeli hadi Itetemia kufundisha kisomo cha watu wazima. Watu walikiita ngumbaru, wengine kwa mzaha, wengine kwa fahari. Darasa letu lilikuwa banda la kukaushia tumbaku ambalo msimu ule halikuwa na kazi, na wanafunzi wangu walikuwa wanawake waliotoka shamba na majembe begani, wakanawa mikono, wakaketi kwenye magogo. Vitabu vilikuwa vichache. Kwa hiyo nilifanya jambo lililonijaza majivuno: niliwafundisha kusoma kwa gazeti langu mwenyewe.

Kiranja wa darasa alikuwa bibi mmoja mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha. Tulimchagua kwa sababu hakuna aliyethubutu kuchagua mwingine. Darasani aliniita mwalimu, nje ya darasa mjukuu, na siku akikasirika aliniita "wewe wa mjini". Alikuwa na sababu yake ya kujifunza kusoma na aliisimulia kila alipokuja mwanafunzi mpya. Zamani alikuwa na mtoto anayefanya kazi kwenye reli huko Kigoma. Alimwendea mwandishi wa barua pale stesheni, akaeleza salamu zake, akatia dole gumba chini. Mwandishi akaongeza ombi la blanketi, litumwe kwa jina lake mwenyewe. Blanketi likaja, mwandishi akajifunika msimu mzima wa baridi, na bibi hakujua mpaka mtoto alipokuja likizo na kuuliza kama lile blanketi lilikuwa zito vya kutosha.

"Tangu siku hiyo," bibi alikuwa akimaliza, "nikasema sitatia kidole changu mahali ambapo jicho langu halijafika."

Alisoma polepole. Kidole chake kilikaa chini ya kila neno mpaka neno lenyewe lijisalimishe, ndipo akasogea. Mimi na watu wa mjini tulisoma kwa kuruka, tunameza mstari mzima mara moja. Bibi Kiranja hakuruka kitu.

Basi ukaja uchaguzi. Wanaokumbuka watakumbuka jinsi ulivyokuwa. Wagombea walikuwa wawili, wote wa chama kimoja, mmoja amepewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, nasi tuliwaita Bwana Jembe na Bwana Nyumba kana kwamba mama zao ndio waliowaita hivyo. Walizunguka pamoja katika Landrova moja, wakasimama jukwaa moja, wakapewa dakika sawa. Hotuba zilikuwa kwa Kiswahili tu, kusiwe na wa kumpendeza mtu kwa lugha ya nyumbani. Na zawadi zilikatazwa kabisa: mgombea hatoi, mgombea hapokei. Siku hizi nasikia watu wazima wakibishana kama takrima ni rushwa au ni ukarimu, nami nacheka peke yangu, kwa sababu ubishi huo niliuona ukizaliwa ndani ya banda la tumbaku.

Mkuu wangu wa kazi, ambaye watu wote walimwita Bwana Maendeleo, aliniruhusu nipande Landrova niandike habari. Sikulala vizuri kwa furaha. Tulipita njia ileile ya misafara ya zamani, iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji, na mimi nimebanwa nyuma, daftari magotini, vumbi puani, nikijiona mtu mkubwa. Bwana Nyumba alikuwa na redio ndogo ya betri aliyoiweka mapajani, tukasikiliza taarifa ya habari njia nzima. Bwana Jembe alikuwa mcheshi, mwalimu wa zamani, anayekumbuka majina ya watu na ya watoto wao. Nilimpenda. Hilo nalitaja hapa wazi kwa sababu wakati ule sikuliandika popote.

Itetemia tulifika mchana. Mkutano ulipokwisha, Bwana Nyumba na Bwana Maendeleo wakaenda kuswali. Hapo ndipo wanawake wa darasa langu walipotoka nyuma ya banda wakiwa na kilindo, lile pipa la magome ya mti tunalohifadhia asali huku kwetu, kimejaa, kifuniko kimefungwa kwa kamba ya mti. Asali ya miombo, ya msimu ule. Waume zao walikuwa wameirina, wao wakaikamua na kuichuja. Bibi Kiranja alikibeba mwenyewe. Akakiweka mbele ya Bwana Jembe, akafungua kifuniko, na juu kabisa palikuwa na vipande vya masega vimepangwa kwenye jani.

"Hii ni yako kutoka kwa wanawake wa Itetemia," alisema. "Ukifika mjini, utatutangaza."

"Nitawatangaza, mama," Bwana Jembe akasema, na akaipokea kwa mikono miwili.

Bibi akaniangalia, akaona jinsi ninavyoyaangalia masega, akacheka na kunipa. Nikala kipande, nikalamba vidole. Dereva akapakia kilindo chini ya kiti cha nyuma, na tuliporudi mjini miguu yangu ilikuwa juu yake.

Siku ya pili yake palikuwa na mkutano mkubwa mjini. Mtu mmoja akauliza wagombea kama wamepokea chochote kutoka kwa yeyote. Bwana Nyumba akasema hajapokea. Bwana Jembe akasimama, akainua viganja vyake juu, akasema, "Ndugu zangu, mikono yangu mnaiona." Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likainuka. Mimi nilipiga makofi kwa nguvu, daftari likaanguka.

Nikakimbilia taipu. Nakumbuka sentensi ile neno kwa neno: "Wagombea wetu wote wawili wanatembea mikono mitupu, wala hakuna aliyepokea hata tone la maji." Hilo tone la maji hakulisema mtu yeyote. Nililiongeza mimi kwa sababu lilinipendeza. Na nikuapie, nilipoliandika sikuwa nadanganya kwa makusudi. Asali haikunijia kichwani kabisa. Kwa mtu wa Tabora asali ni kitu cha kumkaribishia mgeni, na nani amewahi kuandika gazetini kwamba mgeni alikaribishwa?

Jumatatu nikaenda Itetemia na nakala zangu, nikazigawa, nikamwomba Bibi Kiranja aanze. Alisoma kichwa cha habari. Akasoma mstari wa kwanza. Kidole kikafika kwenye "tone", kikakaa. Nikadhani neno limemshinda.

"To-ne," nikamsaidia.

"Nimeliona," akasema. "Nauliza lile pipa letu lilikuwa la nini."

Nikacheka, peke yangu. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujichimbia. Nikasema asali si zawadi, ni makaribisho tu. Mwanamke mmoja akauliza kama ningeyaita makaribisho iwapo mizinga ingekuwa ya baba yangu. Nikasema kanuni zinakataza wagombea kupokea.

"Basi angekataa," bibi akasema. "Asingetuambia atatutangaza."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na uso ukanichoma. Hawakuwa wamejua kanuni, na sasa walipoijua haikuwa ndiyo iliyowaudhi. Kwao, kwenye harusi au ngoma, mtu akitunzwa, husimama mwanamke mwenye sauti akataja kila kitu na aliyekitoa, hata kikiwa kuku mmoja. Kilichotajwa kimepokewa. Kilichonyamaziwa kimefichwa, na mfichaji ana lake jambo.

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo," bibi alisema. "Alituambia kila mtemi njiani alitaka hongo yake, ushuru wa nguo ili msafara upite. Lakini nguo zilipimwa uwanjani, mkono kwa mkono, wapagazi wote wanaona. Hata wale wa zamani hawakupokea chini ya kiti."

Akaikunja karatasi mara nne, akanirudishia. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja, bila ugomvi, na hilo liliniuma zaidi.

"Mwandishi wa stesheni aliongeza blanketi," akasema. "Wewe umeongeza tone la maji. Karatasi ikianza kusema kweli, tutarudi. Kwa sasa tuna magugu ya kupalilia."

Nilirudi mjini nikilia juu ya baiskeli. Nililia kwa hasira, na kwa muda mrefu hasira hiyo ilikuwa juu yao. Miezi minane nimewafundisha. Nimewaona wakiandika majina yao kwa mara ya kwanza na kuyapapasa kana kwamba yana joto. Sasa wote watarudi kwenye dole gumba kwa sababu ya asali? Nilipofika karibu na reli nilikuwa nimeshachoka kuwakasirikia, nikabaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia, mimi mwenyewe.

Nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Nikamwambia Bwana Maendeleo kila kitu na kuomba tuchapishe masahihisho. Alikuwa mtu mwema, mwoga kidogo, mwenye watoto wengi. Akavua miwani.

"Binti yangu, gazeti hili ni la maendeleo. Linahimiza kilimo bora na vyoo. Halimsahihishi mgombea."

"Hatumsahihishi yeye, tunajisahihisha sisi."

"Ni yaleyale," akasema, akavaa miwani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mkutano wa mwisho ulikuwa mtaani Cheyo, asubuhi, uwanjani. Nilikaa mbele na daftari langu, sina furaha hata kidogo. Hotuba zikatolewa, dakika sawa kwa sawa. Mwenyekiti akakaribisha maswali, na nyuma ya watu ikasikika sauti ninayoijua.

"Mwangaluka," Bibi Kiranja akasalimu.

"Kiswahili tu, mama," Mwenyekiti akasema.

"Hamjambo basi. Swali langu ni la kusoma."

Alikuwa ametembea kutoka Itetemia na darasa zima, wamevaa khanga zao za sikukuu. Mkononi alikuwa na gazeti langu. Sijui alilipata wapi, kwa maana nakala za darasa alinirudishia; baadaye nilisikia alilinunua kwa muuza kahawa aliyetaka kulifungia kashata. Akaliinua karibu na macho. Akaweka kidole.

Sijawahi, kabla wala baada, kuona uwanja mzima ukimsubiri mtu amalize neno. "Wa-gombea… we-tu… wo-te…" Watoto wakaanza kucheka, mama zao wakawafinya. Pamoja na aibu yote niliyokuwa nayo, nilitaka kuruka juu kwa furaha, kwa sababu alikuwa anasoma. Alikuwa anasoma mbele ya watu wote, na hakukosea hata herufi moja. Alipofika kwenye tone la maji alishusha karatasi.

"Bwana Jembe," akasema. "Maneno haya ni kweli?"

Bwana Jembe akatabasamu. Akapanguza shingo. Kisha akafanya kitu ambacho wanasiasa wengi nimewaona wakikifanya tangu siku ile, ila yeye alikuwa wa kwanza kunifanyia mimi.

"Mama yangu," akasema, "mimi sikuandika hayo. Mwandishi yuko hapa. Mwulizeni yeye."

Vichwa vyote vikageuka. Bwana Maendeleo, aliyekuwa kando yangu, aliangalia viatu vyake. Nilisimama. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Si kweli," nikasema. "Alipokea kilindo cha asali kutoka kwa wanawake wa Itetemia. Nilikuwepo. Na mimi nilikula."

Mwanamke mmoja wa darasa langu akapiga kigelegele. Alikuwa ametangaziwa zawadi yake, na kwake hiyo ilitosha. Wenzake wakapokea, uwanja ukapasuka kwa vicheko na vigelegele, na Bwana Nyumba akacheka kuliko wote, anajipiga mapaja.

"Na redio?" mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka pembeni. Bwana Nyumba akaacha kucheka.

"Mwandishi," Bibi Kiranja akasema, "na hiyo nayo uliiona?"

"Niliisikiliza njia nzima, bibi."

Ikabainika kwamba redio ilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, na hiyo haikuwa asali ya makaribisho. Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa na mambo yake aliyotaka yakumbukwe baada ya kura. Sikuwa nimejiuliza hata siku moja redio ile ilitoka wapi. Muziki wake ulikuwa mzuri.

Mwenyekiti akapiga meza. Nadhani alitaka kuufunga mkutano, lakini wanawake hawakuwa tayari. Yule wa kigelegele akasogea mbele kama yuko harusini, akawataka wagombea wataje kila kitu, yeye akakitangaza kwa sauti: kuku wawili, fimbo iliyochongwa, gunia la mpunga, redio, kilindo. Kwa kuku alipiga kigelegele. Kwa redio hakupiga, na wenzake hawakupiga, na Bwana Nyumba alisimama katikati ya ukimya ule akiwa hana pa kuweka mikono. Vitu vikapelekwa kwenye shule ya msingi. Watoto walikunywa uji wenye asali, na redio ikawekwa ofisi ya mwalimu mkuu.

Nilirudi ofisini na Bwana Maendeleo. Nilisubiri anifukuze. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu, na vilikuwa vichache: kikombe, kitana, kalamu. Akavuta kiti, akaketi karibu na mashine ya kurudufu.

"Sasa watu wote wamesikia," akasema. "Tusipoandika, tutaonekana wajinga. Andika. Lakini usiongeze neno."

Niliandika kwa furaha ambayo sijui nikueleze vipi. Niliandika kilindo, redio, mfanyabiashara, nikaandika kwamba gazeti lilikosea na wagombea walisema uongo, na mwishoni nikaweka: "Mwandishi wa habari hii naye alikula kipande kimoja cha sega." Nilizungusha mkono wa mashine mwenyewe, nakala zikitoka na kunirushia wino, nami naimba.

Jumatatu niliendesha baiskeli kwa kasi hadi Itetemia. Walikuwa wote bandani, kila mmoja kwenye gogo lake. Baadaye Bwana Jembe alikuja kushinda uchaguzi ule, na wengi wa wanawake wale walimpigia kura. Waliniambia alikosea, akatajwa, na sasa anajua kwamba wanasoma. Lakini siku ile hatukuwa tunamwaza yeye. Nilimpa Bibi Kiranja nakala ya kwanza, nikasimama mbele yake na kujishika mikono nisirukeruke.

Alisoma yote, neno kwa neno. Alikubali kilindo kwa kichwa. Alikubali redio. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Kidole kikafika mstari wa mwisho, kikaenda hadi kwenye "kimoja". Kikakaa.

"Mwalimu," akasema. "Nilikupa kimoja. Kingine ulichukua mwenyewe nilipogeuka kufunga kamba."

Darasa zima liliniangalia. Nilitoa kalamu, nikaketi kwenye gogo, nikaanza kusahihisha nakala zote kwa mkono, moja baada ya nyingine, huku bibi amesimama nyuma yangu akikagua. Na wewe unayesoma haya, rudi nyuma pale Landrova ilipofika Itetemia, uone nilichoandika. Miaka yote hii, na hata leo nimekuandikia kipande, siyo viwili.